Aliyeona Haandiki

Jumapili ile soko la Kibuye lilikuwa limefurika hadi barabarani, na Celestine Nakhungu alikuwa ametoka kanisani moja kwa moja, bado amevaa gauni lake la kitenge cha manjano na viatu vya kisigino ambavyo havikutengenezwa kwa matope. Hakuwa amefuata mitumba. Alikuwa amechutama mbele ya kibanda cha vyuma vya umeme, mahali panapouzwa redio zilizokufa na rimoti zisizo na televisheni, akivuta waya mmoja mweusi kutoka chini ya rundo. Waya ulikuja kidogo, halafu ukagoma. Akavuta tena. Waya nao ukavutwa kutoka upande wa pili.

Aliyekuwa upande wa pili alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na miguuni ndara za patipati.

"Mama, achilia tu polepole," akasema. "Utaanguka na hilo gauni zuri."

"Mama yako nani?"

"Basi dada. Huu waya ni wa kuunganisha mashine za miaka ya themanini. Unaupeleka wapi?"

Celestine hakuwa na kawaida ya kueleza watu wa sokoni shughuli zake, lakini mkono wake ulikuwa umechoka na mtu huyu hakuonekana wa kuachilia. Akamwambia. Alikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali ya misheni iliyo nje kidogo ya mji. Kliniki ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, pale ilikuwa na rejista ya wagonjwa zaidi ya elfu sita, watoto na watu wazima wa pwani yote ya ziwa, na rejista hiyo ilikaa ndani ya mashine moja kuukuu iliyoandikiwa programu kwa lugha ambayo vijana wa chuo hawajawahi hata kuisikia. Lugha yenyewe iliitwa MUMPS, jina ambalo kwa Kiingereza pia ni ugonjwa wa kuvimba mashavu.

Yule mwanamume akacheka mpaka muuza vyuma akageuka. "Rejista ya wagonjwa, kwa lugha ya matumbwitumbwi. Nyar Port, hiyo lugha mimi naijua."

"Umejuaje mimi ni binti wa Port Victoria?"

"Unavyokasirika."

Aliitwa Gordon Oluoch, kwao Usenge, ng'ambo ya kinamasi tu kutoka kwao Celestine. Aliachilia waya. Akasema waya achukue Celestine, lakini yeye apewe namba yake ya simu. Celestine akampa, akajiambia ni kwa sababu ya ile lugha.

Hakumwuliza ameijulia wapi. Hilo ndilo kosa la kwanza, na lilikuwa lake.

Wiki zilizofuata simu yake haikupoa. Gordon alipiga asubuhi kabla hajafungua kibanda chake cha kutengeneza simu, akapiga mchana kumwuliza amekula nini, na akisikia ni chai na mandazi analalamika kama mke. Walikwenda ufuo wa Dunga kula samaki kwa mikono. Alimwonyesha chumba chake kule Kaloleni, katika nyumba za zamani za baraza la mji, kuta nene, dirisha dogo, vitabu vimepangwa sakafuni kama matofali. Celestine alikuwa na miaka thelathini na nne na alikuwa ameshazoea kuwa peke yake. Alishangaa jinsi mazoea hayo yalivyomtoka upesi.

Kazi yake ya kweli, ile aliyoifanya baada ya saa za kazi bila mshahara, ilikuwa hii. Kampuni ya ng'ambo iliyotengeneza kompaila, yaani programu ya kugeuza msimbo kuwa amri za mashine, kwa lahaja ya MUMPS iliyotumiwa na rejista ilikuwa imeacha kuiuza, na haikumruhusu mtu mwingine kuirekebisha. Bila kompaila, programu ya rejista isingeweza kuhamia mashine mpya. Data ingenakiliwa, ndiyo, lakini ingebaki kama barua zilizofungwa ambazo hakuna wa kuzisoma. Kwa hiyo Celestine na watu sita wa nchi mbalimbali, ambao hakuwahi kuwaona uso kwa uso, walikuwa wakiandika kompaila yao wenyewe, huria, ya kila mtu. Sehemu ya nyuma, inayotoa amri za mashine, ilikuwepo tayari, ya bure. Iliyokosekana ilikuwa sehemu ya mbele: ile inayosoma msimbo wa zamani, kuukata neno kwa neno, kuelewa unataka nini, na kuupitisha nyuma. Sehemu hiyo ilikuwa mikononi mwa Celestine.

Ukurasa wa kwanza wa mradi aliuandika yeye mwenyewe, na sharti lake lilikuwa moja. Mtu yeyote aliyewahi kuona msimbo wa ndani wa kompaila ya kampuni haruhusiwi kuchangia hata mstari. Aliyeona haandiki. Si kwa sababu ni mtu mbaya, bali kwa sababu kampuni ikienda mahakamani ikasema tumeibiwa, hakuna atakayeweza kukana. Kila aliyejiunga alitia sahihi chini ya maneno hayo.

Gordon alitia sahihi mezani kwa Celestine, akinywa chai. Jioni hiyohiyo akatatua jambo lililomkwamisha Celestine miezi miwili: namna lahaja ile inavyozihesabu nafasi tupu kati ya amri, ambazo katika lugha nyingine hazina maana yoyote.

"Ulijuaje?" Celestine akamwuliza.

"Nilijaribu tu mpaka ikakubali."

Celestine akambusu kichwani. Miezi kumi na mmoja waliandika pamoja, yeye kwenye kiti, Gordon kwenye kitanda na kompyuta mapajani. Daktari Pushpa, mkuu wa kliniki, mwanamke mkavu wa maneno aliyekuwa Kisumu tangu kuzaliwa, alipita siku moja akaona rejista ikisomeka kwenye mashine mpya kwa majaribio, akavua miwani na kuifuta muda mrefu.

Ndipo Gordon akasema ni wakati wa kwenda kwao.

Usenge iliwapokea na harufu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa juu ya nyavu ufuoni. Celestine alivaa sketi ndefu ya bluu na kitambaa kichwani, akabeba sukari, majani ya chai na mkate. Mama yake Gordon, Mama Dorca, alimshika mikono yote miwili na kumwangalia meno kama anayenunua ng'ombe, kisha akacheka, akamwita mwanangu. Walikula ngege na kuon, samaki na ugali wa kwao. Baada ya chakula, mama akaingia chumbani akarudi na picha iliyotiwa kwenye fremu. Alitaka mkwe ajue kijana wake hakuwa wa kuchokoa simu tu. Alikuwa amefanya kazi Nairobi miaka minne, na wazungu, kazi kubwa.

Pichani kulikuwa na vijana tisa wamesimama mbele ya jengo la vioo. Wote walivaa fulana za kijani. Kifuani jina la kampuni ileile ya ng'ambo, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina la kikosi: Kompaila. Gordon alikuwa wa tatu kutoka kushoto, akitabasamu.

Celestine aliirudisha picha kwa mikono miwili, akashukuru kwa chakula, akatoka nje. Gordon alimfuata hadi kwenye nyavu za omena.

"Uliona?" Celestine akauliza.

"Niliona."

"Kiasi gani?"

"Nilikuwa narekebisha makosa yake miaka minne, Celestine. Niliona mpaka uchafu wake. Kikosi chenyewe kikavunjwa, tukafukuzwa wote siku moja."

"Na ulitia sahihi mezani kwangu."

"Nilitia. Ningekwambia ukweli, ungenipa kazi?"

"Singekupa."

"Basi."

"Ningekupa chai, Gordon. Ningekupa kila kitu kingine."

Wanawake waliokuwa wakigeuza omena walipunguza sauti ili wasikie vizuri.

"Sikunakili hata mstari," Gordon akasema. "Naapa kwa mama."

"Utajuaje? Kichwa chako kina mlango, ulifunga ukaweka kufuli? Wewe mwenyewe hujui kipi umekumbuka na kipi umebuni."



Celestine alirudi Kisumu peke yake. Siku tatu alikaa mbele ya kompyuta akiondoa kila kitu ambacho Gordon alikuwa amegusa, na kila kilichojengwa juu yake. Mradi ulirudi mahali ulipokuwa siku moja kabla ya Gordon kuja. Rejista haikusomeka tena popote ila kwenye ile mashine kuukuu. Aliwaandikia wenzake sita kueleza, akamfungia Gordon simu, na kumpelekea shati zake mbili kwa mwendesha boda.

Daktari Pushpa alimwita ofisini. Hakuuliza habari za mapenzi. Aliuliza kama ile kompaila iliyofanya kazi bado ipo mahali fulani, na kama haiwezi kutumika ndani ya hospitali tu, bila kutangazwa.

"Ipo," Celestine akasema. "Na haiwezi."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua, Daktari. Na siku kampuni ikijua, hospitali itashtakiwa na mradi utakufa kwa kila mtu."

Alisema kweli. Lakini niseme pia kilichobaki, maana yeye mwenyewe alikuja kukisema baadaye: nusu ilikuwa kanuni, nusu ilikuwa hasira, na hakujisumbua kuzitenganisha. Kutumia kazi ya Gordon kungekuwa kama kumrudisha nyumbani.

Wakaanza kunakili kwa mkono. Printa ya mashine ile ilikufa zamani, na skrini ilionyesha mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja. Wauguzi walipokezana, wakafuata alfabeti, majina themanini kwa siku, kwa kalamu, kwenye vitabu vikubwa vyenye jalada gumu. Mwezi wa pili wa kazi hiyo mashine ilitoa sauti kama ya mtu anayekohoa na skrini ikawa nyeusi. Celestine aliifungua mara nne. Haikuamka; nakala ya data aliyokuwa ameitoa ilibaki, lakini bila kompaila hakuna aliyeweza kuisoma. Wauguzi walikuwa wamemaliza herufi M.

Jacinta Waliaula aliletwa miezi miwili baadaye. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa ushonaji, msichana mcheshi ambaye kliniki nzima ilimjua kwa blauzi zake za kujishonea zenye mabega yaliyofura. Alikuwa na maumivu makali na damu yake ilikuwa imeshuka mno. Kadi yake hakuwa nayo. Daktari wa zamu alipima damu, ikalingana, akamwongezea.

Watu wa selimundu huongezewa damu mara nyingi, na mara nyingine mwili hujifunza kuikataa damu ya aina fulani. Kisha miaka ikipita, kipimo hakioni tena kitu. Mwili umesahau. Lakini damu ileile ikiingia, hukumbuka. Kwa hiyo kinachomlinda mtu wa namna hiyo si kipimo cha siku ile, ni kumbukumbu ya zamani: mwaka fulani, mwili wa Jacinta ulikataa damu ya namna fulani, asipewe tena. Kumbukumbu hiyo ilikuwemo kwenye rejista. Herufi W.

Alikaa siku saba. Alikufa siku ya nane, saa nne asubuhi, wakati Celestine akiwa korido na kikombe cha chai alichosahau kukinywa.

Alizikwa Port Victoria. Celestine alikwenda na basi dogo la hospitali, nguo nyeusi, viatu bapa, akasimama nyuma ambapo hakuna mtu angemtafuta. Mama wa Jacinta alimtafuta. Alimshika mkono na kushukuru, akasema hospitali ilimtunzia mtoto miaka yote hiyo, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na kwamba haya ni mapenzi ya Mungu. Celestine alitaka kusema neno. Alikubali soda aliyopewa, akaishika mpaka ikawa moto.

Basi la hospitali liliporudi Kisumu yeye hakupanda. Alichukua boda, akauzunguka mto Yala na kinamasi chake, vumbi limemjaa kope, mpaka Usenge.

Gordon alikuwa ufuoni, amevaa kaptura na fulana iliyotoboka, magamba yameng'aa kwenye mikono. Baada ya kuhama Kaloleni alikuwa amerudi kwa mama, akinunua omena kwa wavuvi na kuwapakilia wanunuzi wa mjini. Alimwona akija na hakukimbia kumlaki. Aliweka beseni chini.

"Nilisikia," akasema. "Nilipiga simu. Halafu nikakumbuka haipiti."

"Nilimwambia Daktari haiwezi kutumika."

"Najua."

"Ilikuwa inafanya kazi, Gordon. Ilikuwa inasoma mpaka herufi Z. Niliiona kwa macho yangu, na nikaizima."

"Na mimi ndiye niliyekupa kitu usichoweza kukitumia. Ningesema ukweli siku ile ya chai, ungetafuta njia nyingine, ungekuwa umefika. Miezi kumi na mmoja niliyokupa ni miezi niliyokuibia." Alijifuta mikono kwenye kaptura, magamba hayakutoka. "Tugawane, basi. Usibebe peke yako."

Hapo ndipo Celestine alipolia, mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya korido. Gordon alimshika, harufu ya samaki na yote, na wanawake wa omena safari hii walijishughulisha na kazi yao. Alipoweza kuzungumza alimwambia amechoka kuwa mtu wa kanuni. Alimwambia amekuja kukaa. Atapika, ataanika omena, atamzalia watoto wenye miguu mirefu. Mradi wauendeshe wale sita.

"Wale sita hawajui lahaja," Gordon akasema.

"Basi ufe."

"Wagonjwa wako elfu mbili na zaidi, nyar Port. Kuanzia N."

Hakuwa na haraka. Alimketisha kwenye mtumbwi uliopinduliwa, akamweleza alichofanya. Wiki iliyopita, aliposikia habari za Jacinta, alikwenda Kisumu kwa Wakili Shashikant, kaka yake Daktari Pushpa, akamweleza yote, picha ya fulana ya kijani pamoja nayo. Wakili alimtukana kwa adabu kwa nusu saa. Kisha akamwambia kuna njia, na ni njia ya zamani katika kazi hizi. Aliyeona haandiki, lakini anaweza kueleza. Aseme kwa maneno ya kawaida mashine inafanya nini, kamwe asiseme inafanyaje. Maneno hayo yapite kwa mtu wa tatu, ambaye atafuta chochote kinachonuka cha ndani au kisichohusika, na kutia sahihi. Kisha yule ambaye hakuona aandike upya, kuanzia pale mradi ulipokuwa kabla Gordon hajaugusa.

"Na kati ya anayeeleza na anayeandika?" Celestine akauliza, ingawa alikuwa amekwisha kujua. Alikuwa amesoma kanuni hizo kabla ya Gordon kuzisikia kwa wakili, ila hasira ilimfanya asizitake.

"Hakuna neno. Hakuna simu, hakuna salamu kwa mtu, hakuna kuonana. Mpaka kompaila iishe na itangazwe. Wakili anataka tule kiapo wote wawili."

"Muda gani?"

"Wewe ndiye unayejua. Unaandika haraka."

"Mwaka," akasema. "Mwaka na nusu, nikiwa peke yangu."

Upepo uligeuka ukaleta moshi wa jikoni kwa Mama Dorca. Mama mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, hajaamua kama afurahi.

"Nioe kwanza," Celestine akasema. "Leo. Kwa mama yako, mbele ya hizi omena. Halafu niende."

Alimwona akilitaka jambo hilo. Lilipita usoni mwake kama njaa.

"Nikikuoa leo, kila ukurasa nitakaoandika ni takataka. Jaji gani ataamini mke na mume hawazungumzi?"

"Hata mimi nisingeamini."

"Umeona." Alijaribu kutabasamu. "Nitakuoa, Celestine. Lakini itangazwe kwanza. Na ukipata mwingine huko katikati, mwenye viatu, usiniandikie. Wakili atafuta."

"Wenye viatu wako wengi Kisumu."

"Najua. Ndiyo maana nasema."

Celestine alikula chakula cha mchana kwa Mama Dorca, na Gordon hakuingia. Walikula kiapo Jumatatu iliyofuata, Celestine saa tatu na Gordon saa nane, katika ofisi ileile ya Shashikant juu ya duka la vitambaa, na wakili alihakikisha hawakupishana kwenye ngazi. Wenzake sita walikubali kwa barua fupi, mmoja baada ya mwingine. Mmoja aliuliza kama ana hakika.

Bahasha ya kwanza ilikuja baada ya wiki tano. Celestine aliichukua kwa wakili wakati wa mapumziko ya mchana, akaifungulia kwenye meza yake hospitalini, chini ya dirisha. Kurasa kumi na nne, kwa mwandiko wa Gordon uliolala upande wa kulia. Kila ukurasa ulikuwa na sahihi ya Shashikant pembeni. Maneno yalikuwa makavu kama maagizo ya dawa. Neno likianza na tarakimu na likitakiwa kuhesabiwa kama namba, zisomwe tarakimu mpaka herufi ya kwanza, zinazofuata ziachwe. Neno lisilo na tarakimu mwanzoni lihesabiwe sifuri. Alisoma kwa utaratibu, kalamu mkononi, akiweka alama pembeni. Ilikuwa kazi nzuri. Hapakuwa na mahali palipomfanya aulize maswali.

Chini ya ukurasa wa tisa, baada ya maelezo ya mwisho ya ukurasa huo, kulikuwa na mstari mmoja zaidi. Wakili alikuwa ameufunika wote kwa wino mweusi, mara mbili, kwa rula, na kutia sahihi ya pili.

Celestine aliutazama. Huenda Gordon alikuwa ameponyokwa na jambo la ndani ya kompaila ile, jambo ambalo lingewaharibia wote. Huenda ilikuwa salamu. Urefu wake ulikuwa kama maneno sita, au saba. Karatasi ilikuwa nyepesi, ya daftari la shule, na jua la saa saba lilikuwa limejaa dirishani. Kuinua mkono tu kuelekea mwangani, na maneno chini ya wino yangesomeka.

Nje, kwenye benchi za kliniki, muuguzi alikuwa akiita majina, na kila aliyeitwa kuanzia N aliulizwa mambo yaleyale kwa sauti ileile: uliwahi kuongezewa damu, mwaka gani, ulijisikiaje, unakumbuka, jaribu kukumbuka.

Aliiacha karatasi ikiwa imelala mezani. Akafunua ukurasa wa kumi.